Kaseti Yenye Jina la Asnath

Old Korogwe,
Jumatano asubuhi.

Kwako dada yangu Maryamu,

Shikamoo dada, na amani iwe juu yako na juu ya nyumba yako yote. Mimi ni mzima, tena nimenenepa, maana tangu mniache hapa na masanduku yangu nimekuwa mtu wa kula na kuchekacheka tu. Nina hamu ya kujua hali yako, hali ya shemeji na kile kifua chake, na kama mihogo yenu ya bondeni imesalimika na nguruwe mwaka huu. Mama nasikia mguu umepungua kuvimba. Nipe habari zake za kweli, siyo zile anazonipa mwenyewe kwenye simu, kwa sababu mama akiulizwa hali hujibu mzima hata kama kainuka kitandani kwa kushikwa mkono.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Lakini dada, simu yako anaishika shemeji, wanaishika na wateja wako hapo stendi Mkata, na simu yangu anaitengeneza mume wangu mwenyewe. Haya ninayokuandikia yana sehemu za aibu. Barua hii nitaipeleka stendi kwa miguu yangu na kumkabidhi kondakta mkononi, naye nimemwapisha asimpe mwingine ila wewe. Kaa chini usome mpaka mwisho, kwa sababu kuna kitu nakuomba, na nakiomba kwa haraka.

Kwanza nikuambie kwamba nampenda Sufiani mpaka naona haya. Nilidhani mapenzi ya namna hii watu huyazidisha wanaposimulia. Akirudi ndani mchana ananukia ile risasi ya kuchomelea waya, na mimi harufu hiyo sasa naiona kama udi. Chungwa analimenya lote kwa mzunguko mmoja bila ganda kukatika hata mara moja, kisha analigawa, na nusu kubwa hunipa mimi. Kila siku, dada. Nimeangalia kila siku kama atasahau, na hajasahau. Ananiita Mashavu wangu mbele ya wateja, wateja wanacheka, naye wala hajali.

Sasa utauliza kwa nini niwe naangalia. Ni wewe. Siku mnaondoka ulinivuta nyuma ya mlango ukaniambia nisimuulize mume wangu maswali mwezi wa kwanza, nimwangalie tu, kwa kuwa mwanaume akiulizwa anatengeneza jibu, na akiangaliwa anajionyesha. Nikakushika neno. Nikaangalia. Na mtu akikaa kuangalia hakosi cha kuona.

Nyumba yetu ina duka la ufundi mbele, vyumba vyetu viwili katikati, na nyuma kabisa kijumba kidogo chenye dirisha moja linalotazama upande wa mto. Kijumba hicho kina kufuli. Ufunguo Sufiani anauvaa shingoni kwa uzi, hata akienda kuoga anao. Wiki ya kwanza nilijiambia ni vifaa vya watu, fundi lazima atunze mali za watu. Wiki ya pili nikaanza kujiuliza ni mali gani hiyo isiyokaa dukani na nyingine.

Ndipo wakaanza kuja wale wazee wawili. Wa kwanza ni Mwalimu Hiza, Msambaa wa milimani aliyezeekea hapa, mwembamba, Mlutheri, alifundisha hisabati miaka mingi na mpaka leo ana kalamu mfukoni mwa shati. Alikaa kwenye benchi, wakanong'ona, nami nilikuwa natandaza kunde pale karibu. Nikamsikia mume wangu akisema kwa upole wake ule, "Ninayo yako tu, Mwalimu. Nyingine sijawahi hata kuishika." Kesho yake akaja Mzee Gerald, aliyekuwa fundi mitambo kwenye shamba la mkonge, mnene, anacheka kabla ya kumaliza kusalimia, ananiita bibi harusi. Naye akaambiwa maneno yale yale. Yake tu. Nyingine mume wangu anaisikia kwa jina.

Dada, asubuhi ile ile kufuli lilikuwa wazi nami nilikuwa nimeziona mashine zote mbili, zimekaa bega kwa bega juu ya meza.

Uongo wenyewe haukunitisha sana, kila mfanyabiashara ana wake. Kilichonitisha ni macho. Aliwaangalia wale wazee kwa macho makunjufu, yasiyopepesa, macho yale yale aliyoniangalia nayo siku aliponiambia kwamba kabla yangu hajawahi kumpenda mwanamke. Nikasimama na ungo wangu wa kunde, nikawaza, anayeweza kuwadanganya wazee wawili waliosoma, kwa siku mbili mfululizo, bila hata kukohoa, atashindwaje na mimi wa kidato cha nne?

Mchana nilimuuliza kidogo, samahani kwa kukiuka agizo lako. Nilimuuliza tu ni vitu gani vile. Uso wake ukawaka. Akanishika mkono akanipeleka kule nyuma, akanivutia kiti kama mgeni wa heshima. Akaniambia ni kompyuta za nyumbani za miaka ya themanini, wakati ambao kuingiza kompyuta nchini lilikuwa jambo la vibali na maswali, kwa hiyo mtu akiwa nayo hakuitangaza. Ya Mwalimu inaitwa Spectrum, aliachiwa na mwalimu wa kujitolea aliyerudi kwao. Ya Mzee Gerald inaitwa Commodore, aliachiwa na mhandisi wa mkonge. Zamani wazee hawa walikuwa marafiki, kila Jumapili wanakutana kuzishindanisha, kisha wakagombana, na mpaka leo hawasemezani. Kila mmoja alimwambia Sufiani kwamba akigusa ya mwenzake, anachukua yake anaondoka. Yeye alitaka kuzitengeneza zote. Ndiyo maana akawadanganya wote. Alinieleza hayo akicheka, nami nikacheka.

Nisikufiche, nilipenda jinsi alivyozieleza. Spectrum ni ndogo, nyeusi, unaweza kuifunga kwenye mtandio ukaenda nayo sokoni. Vibonyezo vyake ni vya mpira kama vifutio vya shule, na kila kimoja kimeandikwa maneno manne matano, ukibonyeza herufi moja neno zima la amri linatokea. Sauti yake ni moja, nyembamba kama ya mbu, na ikianza kulia haifanyi kazi nyingine mpaka imalize. Rangi inazo, lakini skrini yake imegawanywa vijiraba, na kijiraba kimoja hakipokei zaidi ya rangi mbili. Ukichora ndege mwekundu apite mbele ya mti wa kijani, majani nayo yanageuka mekundu kila anapopita. Commodore imetuna kama mkate uliotoka tanuri, ina vibonyezo vya kweli kama vya taipureta, ina sauti tatu zinazoweza kuimba pamoja, na picha zake zinapitana bila kuchafuana. Aliiwasha ikapiga muziki, dada, nywele zikanisimama.

Nikasema basi, Commodore imeshinda. Akatikisa kichwa. Akasema Commodore ina uzuri mwingi lakini inataka ubembelezwe. Kwenye Spectrum ukitaka duara unaandika amri moja ya duara. Kwenye Commodore unaiingizia namba, moja moja, kila moja mahali pake, ukikosea moja huoni kitu. Mzee Gerald hujisifu kwamba yake ina kumbukumbu sitini na nne na ya Mwalimu arobaini na nane. Lakini ukitaka kuandika kazi yako kwa ile lugha iliyokuja nayo, Commodore inakubakizia nafasi isiyofika arobaini, na Spectrum arobaini na ushei. Mwalimu husema ile ni nyumba kubwa ambayo vyumba vingi kavijaza mwenye nyumba. Tena Commodore inataka kinasa kaseti chake chenyewe, redio za watu haizitaki. Spectrum haichagui. Redio kaseti yoyote yenye tundu la spika za masikioni, ya sokoni, ya urithi, unaiunganisha kwa waya, inasikiliza mlio wa kaseti, na mlio ule inaugeuza kuwa maandishi na picha kwenye televisheni.

Sentensi hiyo ya mwisho ishike vizuri. Ndiyo iliyonipoteza.

Siku tatu baadaye aliitwa Magoma kutengeneza spika za msikiti, akaondoka mbio, akasahau ufunguo juu ya beseni. Nikaingia kufagia. Nasema kufagia, lakini wewe unanijua. Juu ya rafu nikakuta kopo la kahawa, na ndani ya kopo, imeviringishwa kitambaa safi, kaseti moja. Kaseti zake nyingine zimejazana kwenye katoni kwa vumbi, hii peke yake imevalishwa. Nikaifungua. Imeandikwa kwa kalamu ya wino, mwandiko wa kike, wenye ua dogo pembeni: ASNATH. USIFUTE TAFADHALI.

Nilikaa chini. Nikaigeuza mgongo, nikaona vile vishikio viwili vya plastiki vimevunjwa. Unakumbuka baba alivyokuwa akivivunja kwenye kaseti za mawaidha ili tusizirekodie taarabu? Nikajua basi, anayevunja vishikio anataka kitu chake kidumu.

Nikaitia kwenye ile redio yake kubwa ya deki mbili. Ukatoka mlio mrefu kama wa filimbi, halafu kelele kama mafuta ya moto yaliyomwagiwa maji, dakika nne na zaidi. Hakuna neno hata moja la mtu. Mwanamke mwingine angesema kaseti imeharibika. Mimi nilikuwa nimeshafundishwa. Nilijua sasa kwamba ipo mashine inayogeuza kelele ile kuwa maandishi. Nikaona jambo zima wazi kama mchana: huyu Asnath anamwandikia mume wangu, barua zinafichwa ndani ya kelele, na mume wangu anajifungia kule nyuma na kuzisoma kwenye televisheni. Ndiyo kufuli. Ndiyo ufunguo shingoni. Niliona hata werevu wake, nikamsifu huku nalia.

Nikatafuta kaseti tupu, nikainakili deki kwa deki ili nipate ushahidi. Nakala hiyo ni ile uliyoikuta kwenye mfuko wa maharage wiki mbili zilizopita. Nilikuandikia ni kaswida iliyoharibika, uniwekee tu. Nisamehe. Haikuwa kaswida.

Kisha nikamtafuta Asnath. Nilipata wawili. Mmoja anaimba kwaya, mtoto wa shule kabisa, nikamwachilia. Wa pili anauza chapati karibu na reli, mweupe wa meno, mcheshi, na siku ya kwanza tu akaniuliza kama mimi ndiye mke wa fundi. Dada, nilikula chapati za mwanamke yule siku sita mfululizo ili nimsome uso. Sufiani akawa anashangaa kwa nini nachukia kupika asubuhi. Nikimwangalia akimenya chungwa lake, najiambia huyu hawezi. Akinipa ile nusu kubwa, najiambia ndiyo, ananilipa kwa kosa. Wema wote aliokuwa ananifanyia nilianza kuuweka kwenye mizani hiyo. Raha yangu yote ikawa na mchanga ndani.

Jumapili iliyopita asubuhi Sufiani alivaa shati lake la harusi. Akaniambia niandae chai ya wageni, kazi ya Mwalimu imekamilika, ule utando wa ndani ya kibodi uliokauka na kukatika ameupata mpya, na leo Mwalimu anakuja kumwona mkewe. Nikamuuliza mke gani, Mwalimu si mgane? Akasema ndiyo, mkewe Asnath, amefariki mwaka wa kumi na moja sasa.

Birika lilikuwa mkononi mwangu. Nililiweka chini polepole.

Mwalimu alikuja na shati lililopigwa pasi mpaka mikono, na kitambaa cha mezani kilichodariziwa amekikunja kwenye bahasha. Wakati chai inamiminwa alinieleza mimi, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa mgeni wa habari hiyo. Mkewe alifundisha maarifa ya nyumbani. Mifano ya kudarizi aliichora kwenye madaftari ya hisabati yenye vijiraba, kijiraba kimoja mshono mmoja. Wanaume walipokaa wakilalamikia vijiraba vya Spectrum na rangi zinazochafuana, yeye alichungulia akauliza tatizo liko wapi, mbona lile ni daftari lake. Akajifunza lugha ya mashine kwa miezi minne. Akadarizi kitambaa kwenye skrini, maua mamia, kila rangi imekaa ndani ya kijiraba chake, hakuna iliyomgusa jirani, na mshono unakwenda mmoja mmoja mbele ya macho yako kama unaona mkono wake. Alipougua, akavunja vishikio vya kaseti kwa kisu cha jikoni na kuandika lile neno. Baadaye vibonyezo vikafa, mashine ikawa haiagiziki kusoma kaseti, na Mwalimu hakumwona tena. Ni kaseti moja tu, hakuna nyingine.

Wakati huo huo, kama aliyepigiwa simu na shetani, akaingia Mzee Gerald. Alikuwa amepita kuulizia yake, kaziona zote mbili mezani, na mwenzake kaketi kwenye kiti. Uso wa Sufiani ukawa wa majivu. Nilidhani patachimbika, kumbe wazee wale walikuwa na njaa ya kubishana ya zaidi ya miaka thelathini. Mzee Gerald akauliza kama kile kifutio bado hakijaliwa na panya. Mwalimu akamjibu kwamba panya hula mikate, na mkate uko upande wake. Gerald akasema basi kiimbe tusikie. Mwalimu akasema chake hakiimbi, kinafanya kazi, na Gerald aiulize yake mchoro wa duara moja unahitaji namba ngapi. Wakaendelea hivyo, sauti tatu dhidi ya amri moja, kinasa maalumu dhidi ya redio ya sokoni, mpaka Sufiani akapata damu usoni tena na akathubutu kucheka.

Halafu akatoa kaseti kwenye kopo. Akaunganisha waya kwenye tundu la spika za masikioni, na waya ukiingia pale redio yenyewe haisikiki. Akabonyeza. Pembezoni mwa skrini ikatokea michirizi, nyekundu na ya buluu iliyopauka. Mwalimu akasogeza kiti. Nilijua kutoka kwa mume wangu kwamba baada ya muda mfupi michirizi inatulia, kisha jina la kilichomo kwenye kaseti linatokea. Haikutulia. Ilitetemeka, ikakatika, ikatetemeka tena kana kwamba kuna mtu anasema. Sufiani akarudisha mwanzo. Akasafisha hedi, kile kichuma kinachosoma kaseti, kwa spiriti. Akazungusha ile skrubu ndogo ya kuinyoosha kwa ncha ya bisibisi, robo, robo tena. Akapandisha sauti, akashusha. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kola ya shati la harusi. Saa nzima, dada. Jina halikutokea.

Mwishowe Mwalimu alikunja kile kitambaa chake akakirudisha kwenye bahasha. "Basi fundi, usijichoshe," akasema. "Asnath sasa amekwenda kabisa."

Mzee Gerald alikuwa amevua kofia. Alikaa nayo mapajani, akaigeuza geuza, na kicheko chote kimemwisha. Akasema lile walilogombania ni kitambaa hicho. Alijigamba mbele za watu kwamba kwenye Commodore angekitengeneza kwa jioni moja, tena kizuri zaidi. Alijaribu miaka miwili. Ilikuwa na kila kitu, akasema, ila haikuwa na Asnath. Badala ya kukubali akaacha kuja. Mwalimu alimsikiliza, kisha waliondoka wote pamoja, polepole, kwa upande mmoja wa barabara.

Sufiani akaniambia kaseti imechoka kwa uzee, hakuna wa kulaumiwa. Nami nikaitikia. Nikamwangalia machoni bila kupepesa, nikaitikia.

Sasa dada ndipo penye jambo lenyewe. Nimekuandikia hapo juu kwamba niliinakili kaseti ile, ila sikuandika nilichofanya baada ya hapo. Nilichukua karatasi, nikaitafuna, nikaziba yale matundu mawili ya mgongoni ili redio ikubali kurekodi. Nikabonyeza kitufe chekundu. Nilitaka siku mume wangu atakapojifungia kusoma barua za mwanamke wake, badala yake anikute mimi. Nikasema kwa sauti ya juu, na mengine nikayarudia mpaka kaseti ikafika mbali: "Asnath, hapa anasema Mashavu, mke wa halali wa Sufiani. Mwanaume huyu anamenya chungwa bila kukata ganda, na nusu kubwa ananipa mimi. Tafuta wako."

Ile michirizi iliyokuwa inatetemeka kwenye skrini, kama mtu anasema, ni mimi nilikuwa nasema. Mwalimu Hiza aliyatazama matusi yangu kwa saa nzima akidhani ni mkewe anajaribu kutokea. Katika chumba kile niliyejua ni mimi peke yangu, nimesimama mlangoni na sinia la vikombe.

Nilikaa na jambo hili Jumapili na Jumatatu. Jana asubuhi nikamwambia Sufiani yote, tangu kufuli mpaka chapati. Sikulia, maana nilijua nikilia atanibembeleza, na sikustahili. Alikasirika, sitaki kukudanganya wewe tena. Aliweka bisibisi chini. "Ungeniuliza tu, Mashavu," akasema. Nikamjibu kwamba na wazee wale walimuuliza. Mchana hakula, na chungwa likakaa mezani zima.

Alasiri aliniita dukani. Nilikwenda nikijua nafungiwa masanduku. Kumbe aliniuliza swali la fundi. Aliniuliza, nilipokuwa nanakili, nilitumia spidi ya kawaida au ile ya haraka? Nikasema sijui, sikugusa kitu kingine. Akainamia redio ile ya deki mbili, akakitazama kile kitufe cha spidi, kikiwa juu. Hakijabonyezwa, maana yake nakala ilikwenda kwa spidi ya kawaida, ile isiyoharibu mlio. Akavuta pumzi. Akasema kama nakala ile haijaguswa, matumaini yapo, kwa sababu mashine ya Mwalimu haichagui redio inayoiimbia.

Halafu akachomoa waya ili spika isikike, akaweka kaseti ya Asnath, na akanisikiliza. Nilitamani ardhi inimeze. Alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Kisha akachukua sindano, akavitoa vile vikaratasi nilivyotafuna, kimoja, cha pili, asije mtu akafuta. Chini ya jina la Asnath akaandika Mashavu. Akaiviringisha kwenye kitambaa chake, akairudisha kwenye kopo. Ufunguo wa kule nyuma sasa unaning'inia msumarini jikoni. Hatujasema mengi tangu hapo, lakini leo asubuhi nimekuta nusu ya chungwa kwenye sahani yangu. Bado sijathubutu kuangalia kama ni ile kubwa.

Mwalimu hajui. Sufiani amesema wazee wote wawili amewaita Ijumaa baada ya sala, na atakayesema ni mimi kwa kinywa changu, nakala iwepo isiwepo. Naye atawaomba radhi kwa uongo wake. Nimekubali.

Ndiyo maana nakuomba, dada. Nimekupigia mara mbili tangu jana kuulizia kaseti, na mara zote mbili ukanihamishia kwenye habari za mihogo. Nakujua. Wewe huwezi kuona kaseti nyumbani ukaiacha bila kuirekodia taarabu ya redioni, na shuku yangu kwako tangu jana ni kubwa kuliko niliyokuwa nayo kwa mwuza chapati. Kama umeshairekodia, niambie hivyo hivyo, usinitengenezee jibu, nikamweleze mzee wa watu ukweli. Kama hujaigusa, acha kusoma hapa, chukua kisu, vunja vishikio vyake viwili vya mgongoni, ndipo uendelee.

Iviringishe kwenye kanga, isiwekwe juu ya dashibodi ya basi ikapigwa na jua, na isikae karibu na spika. Mpe kondakta huyu huyu kesho asubuhi anaporudi, nami nitakuwa nimesimama stendi ya Korogwe tangu saa tatu.

Nisalimie mama, umwambie mkwewe anamtengenezea redio. Nisalimie shemeji na kifua chake, na majirani wote wa hapo barabarani waliocheza ngoma yangu. Yule mwuza chapati nimekwenda kumwomba radhi, akacheka sana, akanifundisha kukanda. Wewe na nyumba yako nawaweka mikononi mwa Mwenyezi Mungu.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda na anayekuogopa,

Mashavu, mke wa Sufiani.

Kama unataka kuisikiliza kwanza, isikilize. Ila kile kitufe chekundu, dada, usikisogelee.